Senene Wasio na Chumvi

Nakumbuka asubuhi moja senene, panzi wale wa kuliwa, walipoanguka kijijini kwetu, juu kidogo ya Nshamba, wakati ule wa vijiji vya ujamaa. Wanawake wenzangu walikuwa kwenye nyasi tangu umande haujakauka, wanawaokota huku wakicheka. Mimi nilijifungia jikoni, nachemsha ndizi za mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Kamugisha, mume wangu, kijana wa miaka thelathini tu, ambaye alipatwa na mshtuko wa moyo akichuma kahawa. Daktari alimrudisha nyumbani na masharti: chumvi na mafuta vipungue, lubisi, pombe yetu ya ndizi, na sigara aache kabisa, na kila siku atembee kidogo. Mwanangu, masharti ya chakula niliyasimamia kama askari. Hata jirani aliyeleta samaki wa chumvi nilimrudishia mlangoni. Lakini kutembea Kamugisha alikataa. Alilala tu anaangalia ukuta, nami niliogopa kwamba nitakuwa mjane bado msichana.

Mama mkwe akanikuta pale jikoni. "Koku, mbona hujaenda kwenye senene?"

"Mama, daktari kakataza mafuta na chumvi."

"Na kuwa na mke kakataza? Waitu, mwanangu yu hai, au umeshamzika?"

Niliona haya mpaka machozi yakanitoka. Ninyi wa siku hizi hamjui: kwetu mke humwokotea mumewe senene, na mume humshukuru kwa nguo mpya. (Sisi wanawake tulikatazwa kuwala. Kuonja tulionja, ila usimwambie mtu.) Kutompelekea kulikuwa sawa na kukitangazia kijiji kizima kwamba yeye si mume tena.

Nikachukua kikapu, nikakimbia. Niliwakaanga wakavu, bila mafuta wala chumvi, nikawakamulia limau, nikampa konzi moja. Waliobaki akawagawia wazee waliokuja kumjulia hali. Alitafuna taratibu, akakunja uso.

"Koku, senene wako wana ladha ya majani." Kisha akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu augue.

Kesho yake akaomba fimbo. Akaenda mpaka mwisho wa migomba, akarudi, akapumzika. Siku zilizofuata akafika barabarani. Nilidhani sasa anamtii daktari, kumbe alikuwa anajizoeza safari ya duka la ushirika! Vitenge vilipoletwa alikwenda mwenyewe, polepole, akapanga foleni amekaa juu ya jiwe, akarudi na kitenge begani, anaimba. Nililia, nikacheza, nikalia tena. Siku hiyo tulikula wote chungu kimoja kisicho na chumvi, na hata mama mkwe hakunung'unika.

Basi mwanangu, mwenzio akipatwa na ugonjwa wa moyo, shika maneno ya daktari yote. Chumvi mpunguzie, nawe ipunguze kwenye chakula chako, msile mbalimbali kama wageni. Lakini heshima yake usiiguse. Mwachie jambo la kukufanyia, hata dogo, analoliweza, asije akaona kazi iliyombakia duniani ni kuugua tu.

Kamugisha bado anatembea. Kila mwaka ananiambia senene wangu wana ladha ya majani, na kila mwaka ananiletea kitenge. Mungu akujalie nawe uzeeke na mwenzio, mkigombana juu ya chakula kisicho na chumvi.