Mtaalamu wa vya kale aliyeicheka kazi ya mikono yake

Saa moja na robo asubuhi, Timbwani, Likoni. Mahfudh Nyale ameketi juu ya kigoda nje ya karakana yake. Mbele yake amesimama mtu aliyeleta dele la shaba, lile buli refu la kahawa, likiwa limefungwa kwa gazeti. Mahfudh analifungua na, bila kuutazama mdomo wake mzuri wala mkono uliopinda, analigeuza juu chini.

"Mbona huitazami sura yake?" mwenye dele anauliza.

"Sura imeniponza," anajibu. "Siku hizi naanza na tako."

Mwenye dele anacheka. Mahfudh hacheki. Anapitisha kidole gumba kwenye kiungo, ananusa ndani, kisha anamrudishia.

"Hili la kweli. Lakini kila Idi mnalisugua kwa ndimu na mchanga mpaka nakshi imefutika. Muache kulisugua."

"Mke wangu hatakubali. Atasema anaaibika kwa wageni."

"Basi mlete hapa nimwambie mimi."

Watazamaji wa televisheni hapa Pwani wanamjua kwa kipindi cha Jumamosi alasiri kiitwacho "Tuletee cha Kale". Kwa miaka miwili watu wamemletea mirashi ya kunyunyizia marashi, vyetezo vya udi, viti na milango, naye huwaambia kitu ni cha lini, kimetoka wapi, na kama ni cha kweli. Mtaani wanamwita Profesa. Shule aliacha darasa la saba.

Kwa kila kipindi hulipwa shilingi elfu sita. "Nauli, chai na jina," anasema. Chakula cha nyumbani kinatoka kwenye randa na patasi, kama kilivyotoka tangu alipokuwa na miaka kumi na sita.

Kazi alijifunza kwa Mzee Jefwa, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko la Likoni na ambaye sasa ni marehemu. "Hakufundisha kwa mdomo," Mahfudh anakumbuka. "Alikuwa akikupa kiti kibovu, anakwenda zake. Akirudi, ukiwa umekiharibu, anakivunja mbele yako uanze upya."

Leo Mahfudh ana miaka hamsini na mitatu, na hilo jina alilolipata kwa televisheni lilikaribia kumtoka mwaka huu.

Mwezi wa Februari, Bi. Ummulkheir wa Utange, Kisauni, alipeleka kwenye kipindi kasha la mama yake, la mbao nyekundu lenye nakshi ya misumari ya shaba. Mahfudh alipewa dakika nne. Kasha lilikuwa juu ya meza, taa zinawaka. Akainua kifuniko, akaona mbao iliyopasuliwa kwa mashine na maua ya waridi yaliyochongwa bila kulingana. Hakutazama zaidi.

"Hili la juzi, mama," alisema mbele ya kamera. "La kuuziwa watalii. Na aliyechonga waridi hizi alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Watu studioni wakacheka.

Utange hakucheka mtu. Kabla ya hapo kasha lile lilikuwa limetoka nyumbani mara moja tu, mwaka 1991, lilipoingiwa na mchwa. Aliyelipeleka kwa fundi huko Likoni ni Faiz, kaka wa Bi. Ummulkheir, na lilikaa huko miezi miwili. Sasa kama kasha ni la juzi, hesabu ilikuwa nyepesi: Faiz aliliuza la mama, akarudisha la bandia.

"Nilimpigia simu nikamuuliza, la mama umeliuza kwa nani?" anasema Bi. Ummulkheir, na haoni haya kusema. "Akaapa, wallahi hakuuza. Nikamwambia, basi mtaalamu mzima mwongo, wewe ndiwe mkweli?"

Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee mwaka huu. Katika nyumba yao, bibi harusi hatoki mpaka mjomba wake ashike kasha lake na kulitoa mlangoni. Wardah, binti wa mwisho wa Bi. Ummulkheir, alikuwa aolewe mwezi wa Juni, na kasha lake ndilo hilo la bibi. Mjomba wake ni mmoja tu, Faiz, na Faiz aliambiwa asije.

Mzee huyo wa miaka sitini na sita, aliyestaafu ukarani wa bandari, alizunguka Likoni wiki tatu akimtafuta fundi wa mwaka ule awe shahidi wake. Akaambiwa Jefwa amekufa, ila mwanafunzi wake mmoja yuko Timbwani.

"Nilipomwona ni nani, nikataka kurudi," Faiz anasema. "Yeye ndiye aliyenitia matatani. Lakini nishafika, nikapiga hodi."

Alimuuliza kama kweli alikaa kwa Jefwa. Mahfudh akajibu, miaka saba.

"Basi huenda wamjua. Mwaka wa tisini na moja nilileta kasha, mchwa wamekula kifuniko. Jefwa alimpa kijana wake mmoja. Mrefu, ana kigugumizi."

Mahfudh aliweka randa chini. Kigugumizi kilimtoka akiwa amepita miaka thelathini. Siku hiyo kilirudi.

"Ki-ki-kifuniko tu?"

"Kifuniko tu."

Mzee Jefwa alikuwa na sharti moja. Anayetia kipande kipya kwenye kitu cha zamani lazima afiche chini ya bawaba sarafu ya wakati huo, ili fundi atakayekuja baadaye ajue kipi kipya na kipi cha asili. Ikiwa Faiz anasema kweli, sarafu ipo.

Kesho yake Mahfudh alivuka feri pamoja na Faiz, wakaenda Utange. Bi. Ummulkheir alifungua mlango, akaitikia shikamoo yake kwa shida.

"Umekuja kucheka tena?"

"Nimekuja na bisibisi, mama."

Alifungua bawaba ya kushoto. Hapakuwa na kitu. Faiz alikuwa amesimama uani kwa sababu hakukaribishwa ndani. Mahfudh akafungua ya kulia. Ikaanguka sarafu ya senti kumi, imeandikwa 1990.

Wakatoa nguo zote na kuligeuza kasha. Ubao wa chini ulikuwa umechongwa kwa tezo, pembe zimefumwa bila msumari hata mmoja, mbao imekuwa nyeusi kwa umri.

"Chini palikuwa na miaka mia na zaidi," Mahfudh anasema. "Juu palikuwa na mimi."

Bi. Ummulkheir aliishika ile sarafu kiganjani, akausoma mwaka wake.

"Na zile waridi?"

"Zangu, mama."

"Ulikuwa na haraka ya kwenda kula?"

"Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nimefunga."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kisha akaita uani: "Kaka, ingia ndani. Jua litakuua."

Lakini maneno yalikuwa yamesemwa kwenye televisheni, na Kisauni nzima ilikuwa imeyasikia. Mahfudh akamwendea mtayarishaji wa kipindi, Lynnette Achieng. Lynnette hakupenda.

"Nilimwambia, mzee wangu, ukisema ulikosea, nani atakuamini tena?" Lynnette anakiri.

"Nikamjibu, mtu ameitwa mwizi kwa mdomo wangu," anasema Mahfudh. "Nipe dakika nne zilezile."

Alimwambia mkewe, Zubeda, kwamba kazi ya televisheni imekwisha. Siku tisa hakula vizuri. Jumamosi ikafika, akakaa mbele ya kamera, Faiz pembeni yake, akaonyesha sarafu, akaonyesha chini ya kasha, akasema aliyekosa ni yeye na mwenye waridi mbaya ni yeye.

Simu za studio hazikunyamaza hadi magharibi. Hakuna aliyepiga kutukana. Jumatatu, watu wanne walikuwa wakimsubiri mlangoni na vitu vyao kabla hajanywa chai. Kipindi kimeongezwa mwaka mmoja, na sasa kila kitu hufika kwa Mahfudh siku moja kabla ya kurekodiwa, akigeuze atakavyo.

"Usiku ule nililala kama mtoto," anasema. "Zubeda alidhani naumwa."

Juni, Wardah alitoka. Faiz alishika kasha upande mmoja. Upande wa pili, kwa amri ya Bi. Ummulkheir, alishika Mahfudh. Ile senti kumi imerudishwa palepale, na pembeni yake ipo shilingi moja, kwa kuwa Mahfudh alibadilisha parafujo na hakutaka kumdanganya fundi ajaye.

Sasa ana daftari. Ameandika vitu thelathini na vinne anavyokumbuka kuvitengeneza kwa Mzee Jefwa: makasha, viti, kitanda kimoja cha samadari. Amevipata vitano, kimoja kiko Changamwe kwa mama anayekitumia kuwekea unga. Mpango wake ni kuvitafuta vyote.

"Nataka nivione kabla sijafa," anasema, na kulivuta karibu dele la mteja mwingine. Analigeuza. "Vingine labda nilishavicheka, na wenyewe wakanyamaza."