Fundi Melania na Presha Iliyoshuka

Gari la Nasibu lilirudi gerejini asubuhi ya Jumanne likivutwa kwa kamba na lori la mchele. Melania alilitambua kabla halijamaliza kukata kona. Kahama nzima hapakuwa na lingine la namna ile: jekundu, milango miwili, tumbo karibu liguse ardhi. Watu wa mtaa wa Nyasubi walikuwa wamelibatiza jina la Kenge. Nasibu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alilinunua kwa mhandisi mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao, na alilipenda kuliko malori yote yaliyokuwa yanamlisha.

"Nimezunguka gereji mbili," alisema hata kabla ya salamu. "Fundi wa kwanza kabadilisha sensa ya presha ya oili. Wa pili kaniwekea oili nzito. Taa nyekundu bado inawaka. Nimelirudisha hapa kwa sababu ni hapa lilipoharibiwa."

"Habari za asubuhi, bosi," alijibu Melania taratibu. "Lisukumeni ndani, kivulini."

Hosiana, muuza chai wa pale mlangoni, alisita na birika mkononi. Mafundi wa gereji ya jirani nao wakasogea kidogo. Kila mtu alijua habari ya gari lile, na kila mtu alijua lilimwondoa nani.

Melania alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa Ushirombo, akajifunza ufundi kwa kaka yake aliyetengeneza pampu za kuvutia maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, kisha akaajiriwa na kampuni ndogo iliyohudumia malori ya mgodini kule Bugarama. Huko ndiko alikokutana na Selestine, Msukuma mpole aliyemzidi miaka michache, fundi wa kusikiliza injini kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Walipopunguzwa kazini siku moja, walifungua gereji Nyasubi pamoja, wakaipaka rangi pamoja. Juliana, binti yake Melania, alikuwa akimwita Selestine "baba mdogo."

Kisha likaja Kenge. Mara ya kwanza lililetwa kwa sababu oili ilikuwa inavuja mbele ya injini. Injini yenyewe si ya kawaida. Wenyewe huiita rotari. Haina pistoni zinazopanda na kushuka, bali vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka ndani ya chumba kama mtu anayekoroga ugali. Melania na Selestine walikesha siku tatu wakisoma kwenye simu namna ya kuifungua. Waliifungua kwa mbele, chini ya mfuniko wake, wakabadilisha sili inayozuia oili, wakaifunga, na Nasibu akaondoka akipiga honi.

Wiki tano baadaye alirudi akipiga kelele. Presha ya oili imeshuka, nani kaharibu gari lake? Na Melania, mbele ya Hosiana na mafundi wote, kabla hajagusa hata spana, alisema, "Mfuniko wa mbele alifunga Selestine."

Selestine aligeuka akamtazama. "Mama Juliana, mfuniko ule uliufunga wewe."

"Mifuniko yote hapa unafunga wewe. Usiniaibishe mbele ya mteja."

Selestine alinawa mikono kwa petroli, akajifuta, akachukua mfuko wake wa spana, akaenda zake. Nasibu naye akalipeleka gari kwingine. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita.

Sasa Kenge lilikuwa limerudi, na Melania alikuwa peke yake.

Alianza na lililo rahisi. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akakinusa. Oili ilinuka petroli kidogo, jambo la kawaida kwa injini zile, lakini kipimo kilikuwa sawa. Akaimwaga yote, ile nzito aliyoweka fundi wa pili, akatia inayofaa. Kisha akafungua ile sensa mpya na mahali pake akafunga geji yake mwenyewe ya mshale, kwa maana taa ya gari inaweza kudanganya, lakini mshale unasukumwa na oili yenyewe.

Akawasha. Injini ikiwa ya baridi, mshale ulipanda vizuri hadi sitini. Nasibu akatabasamu.

"Subiri ipate moto," alisema Melania.

Walisubiri. Dakika ya kumi mshale ulianza kushuka, polepole, kama mtu anayesinzia. Ulipofika kumi, Melania akazima injini haraka.

"Sensa haikuwa na kosa," alisema. "Presha inashuka kweli. Kuna mahali ndani ya injini oili inatoroka na kurudi chini kabla haijafika kwenye beringi. Ikiwa ya baridi ni nzito, haipiti kwa urahisi. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inachuruzika."

"Mahali gani?"

"Ndipo hapo ninapopatafuta."

Nasibu alikwenda mashineni kwake. Melania alikata chujio la oili kwa msumeno, akaitandaza karatasi yake juu ya benchi, juani. Ndani ya mikunjo mlikuwa na chembe zinazong'aa, rangi ya shaba. Si nyingi, lakini zilitosha. Chembe zile zilikuwa ngozi ya beringi. Injini ilikuwa inajila.

Alitumia siku nzima ya Jumatano chini ya gari. Alishusha sampo, lile bakuli la oili la chini ya injini, akakagua bomba la kunyonyea oili, lilikuwa safi. Akafungua vali ya kudhibiti presha, akaibonyeza; springi yake ilikuwa hai. Kila alichokipima kilikuwa kizima, na kila kilipokuwa kizima alizidi kukosa raha, kwa sababu vilivyobaki vilikuwa vinapungua, na vyote vilikuwa nyuma ya mfuniko wa mbele.

Alhamisi aliufungua. Alifanya kwa uangalifu, akaisukuma puli ndani isije ile beringi nyembamba ya nyuma yake ikaanguka. Mfuniko ulipoachia, aliona. Kati ya mfuniko na injini kuna njia ya oili, na njia hiyo hufungwa na pete ndogo ya mpira, upana wake kama kizibo cha soda. Pete iliyokuwemo ilikuwa imekakamaa kama ganda la mbegu, imelala upande, imechanika. Ilikuwa pete ya zamani.

Melania alikaa chini kwenye kipande cha boksi. Walikuwa wameagiza pete mpya. Alikumbuka kuiagiza, pamoja na sili, kutoka Dar es Salaam. Aliinuka akaenda kwenye droo ya vifaa vilivyosalia, akachakura. Ilikuwepo. Pete mpya, ndani ya pakiti yake, haijafunguliwa.

Hapo ndipo siku ile ilipomrudia yote. Kifurushi cha kwanza kilikuja na sili tu. Cha pili, chenye pete, kilichelewa. Nasibu alikuwa anapiga simu kila saa, anataka kwenda harusini na gari lake. Selestine alikwenda stendi ya mabasi kusubiri kifurushi, na yeye, Melania, akasema moyoni kwamba pete ya zamani bado nzima, akaufunga mfuniko. Selestine aliporudi, jasho likimtoka, alimwona anakaza bolti ya mwisho. "Umeshafunga, Mama Juliana? Na hii?" Naye akamjibu, "Weka kwenye droo, itafaa siku nyingine."

Hakuwa amesema uongo siku ile alipomtaja Selestine. Alikuwa amesahau. Lakini kusahau kwake kulikuwa na haraka ya ajabu, na alilijua hilo, na ndilo lililomchoma.

Angeweza kuitupa ile pete iliyochanika kwenye pipa la takataka. Hakuna aliyekuwa anaangalia. Badala yake aliifunika kwa kitambaa juu ya benchi, akampigia simu Nasibu.

Nasibu alikuja mchana, wakati mafundi wa jirani wanakunywa chai kwa Hosiana. Melania hakumwita pembeni.

"Bosi, tatizo ni hili hapa," alisema, akiinyanyua pete iliyochanika. "Niliirudishia ya zamani. Mpya ilikuwa njiani, sikusubiri. Mfuniko nilifunga mimi. Selestine hakuugusa, na alisema hivyo, nami nikamkana."

Hosiana aliangalia chini.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Nasibu.

"Ni mimi. Pete nitaweka mpya na presha itapanda. Lakini beringi zimeshaumia. Nikikuambia liko sawa nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Injini inatakiwa ifunguliwe yote."

"Na wewe ndiye utakayeifungua?" Nasibu alicheka bila furaha. "Funga hivyo hivyo. Nitalipeleka Mwanza."

Melania alitia pete mpya, akafunga. Mshale ulipanda, ukashuka kidogo injini ilipopata moto, ukakaa kwenye ishirini na tano. Kesho yake Kenge lilipakiwa juu ya lori na halikuonekana tena Nyasubi.

Jumamosi Melania alipanda basi la asubuhi kwenda Bugarama. Alimkuta Selestine kwenye eneo la wachimbaji wadogo, kati ya makarasha yanayosaga mawe, kichwa chake cheupe kwa vumbi, anabadilisha mkanda wa injini ya dizeli. Kelele zilikuwa nyingi hata ikabidi wasogee nyuma ya viroba vya mawe.

"Mwangaluka, mayu," alisema Selestine. Zamani hakumwita hivyo. Ilikuwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ya heshima, ya kumpa mama yeyote wa watu.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja kukuambia..."

"Marahaba. Nimeshasikia. Hosiana alimpigia mke wangu Lusia siku ile ile."

"Nataka usikie kutoka kwangu. Nilikosea. Nilikosea kwenye kazi, halafu nikakukosea wewe, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Rudi, kaka. Gereji ni yako pia."

Selestine alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Umesema mbele za watu, hilo nakushukuru. Sina kinyongo, gete, kweli kabisa. Lakini miaka yote ile, Mama Juliana! Uliulizwa swali moja tu, jina langu likakutoka mdomoni kama lilikuwa linasubiri." Alitikisa kichwa. "Kurudi, sirudi."

Akamsindikiza hadi barabarani, akamsimamishia gari, akamfungia mlango. Melania alilia njia nzima, kimya kimya, uso ameuelekeza dirishani.

Mvua zilipoanza, simu yake iliita akiwa gerejini. Alikuwa Selestine. Injini moja ya karasha inapandisha moto bila sababu, alisema. Maji yapo, feni inazunguka, ameshindwa. Melania alimuuliza hiki na kile, akamwambia afungue kifuniko cha pampu ya maji aangalie kama mapanga yake yanayosukuma maji hayajalika. Selestine akasema ngoja, akaiacha simu wazi, na Melania akasikia spana zikigongana upande wa pili.

"Yamelika," alisema aliporudi.

"Lusia hajambo?"

"Hajambo," alisema Selestine, akaanza kuongeza jambo, akaliacha, kisha akamshukuru na kukata simu.