Bipu ya Nne

Tarehe 14 Novemba. Mjini jua kali, upepo hakuna, vumbi limetulia juu ya kila kitu. Upande wa milima kulikuwa na wingu jeusi lililosimama mahali pamoja tangu siku tatu nyuma, halisogei wala halipungui.

Fundi wetu wa pampu alikuwa njiani siku ya tano. Ofisini tulimwita Saa Sita, na jina hilo lilimkaa mpaka wageni wakadhani ndilo alilopewa na wazazi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye vidole ambavyo grisi haikuvitoka hata kwa sabuni ya unga. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuzunguka visima kumi na vinne vya nyikani kwa pikipiki, kufungua pampu za mkono, kubadilisha washa za ngozi, zile pete zinazovuta maji, kufunga, kwenda kisima kinachofuata. Mzunguko mmoja ulichukua siku nane, mvua ikinyesha tisa.

Huko mtandao unapatikana kwa vipande, na vipande vyote alivijua. Kimoja kilikuwa juu ya kichuguu nyuma ya shule. Kingine kwenye mti uliopasuliwa na radi, upande wa kaskazini tu. Kingine kwenye majabali mawili yaliyoegemeana: ukisimama mtandao upo, ukichuchumaa umepotea.

Simu za mkononi zilipoanza kushika huku kwetu, yeye na mkewe waliwekeana utaratibu. Kila siku saa sita mchana, au karibu na hapo, angembipu. Bipu moja: mimi mzima. Bipu mbili: nitachelewa siku moja. Bipu tatu: waambie stoo waandae washa, zimeniishia. Mkewe hapaswi kupokea, kwa sababu ukipokea umekula salio, na salio la porini ni la kufa na kupona. Wala hapaswi kupiga, kwa sababu mtu wa porini ukimpigia unaambiwa hapatikani, na hilo neno likishaingia kichwani hulali.

Mkewe alikuwa mshonaji, chumba chake kinatazamana na geti letu. Saa sita kasoro aliweka simu juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi. Ikilia mara moja na kukatika, aliitazama, akatabasamu, akaendelea na pindo. Sisi tulikuwa tunamtania dirishani.

"Shemeji, mzee yupo leo?"

"Yupo. Nimemsikia."

"Kasemaje?"

"Kasema kriii."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimenyamaza. Ndoa ya miaka thelathini unataka mtu ajibu nini?"

Siku hiyo ya tarehe 14 alikuwa na furaha kuliko kawaida. Binti yao wa pili alikuwa anakuja nyumbani na mtoto wa miezi mitatu, ambaye bibi alikuwa hajamwona ila kwa picha. Mkwe alikuwa ameazima gari dogo la mizigo. Kutoka kwao hadi mjini njia ni moja, na inakatiza korongo kubwa: mto wa mchanga mtupu, mpana kama viwanja viwili vya mpira, ambao miezi kumi ya mwaka hauna hata tone. Daraja halijawahi kujengwa. Magari hushuka kingo, hupita mchangani, hupanda ng'ambo. Binti alikuwa amempigia baba yake kabla hajaondoka mjini, akamwambia siku hiyo wangefika korongoni mnamo saa kumi. Kwa hiyo fundi alijua, tena alijua mpaka saa.

Haya mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, nami niliyaandika siku ile ile ili nisiyachanganye.

Siku ya tatu ya safari simu yake ilidondoka kwenye tangi la kisima cha tisa. Aliitoa haraka, akaifuta, akaianika, ikawaka, lakini kioo kilikuwa cheusi na vitufe vyote vimekufa isipokuwa kimoja. Ukikibonyeza kwa muda, kile cha namba mbili, simu inapiga nyumbani; ukikibonyeza tena inakata. Ujumbe hauandikiki, namba nyingine haipigiki. Alijiambia hiyo inatosha, kwani yeye hupiga wapi kwingine? Siku ya tatu na ya nne alibipu kama kawaida, mkewe akatabasamu kama kawaida.

Siku ya tano alikuwa kisima cha kumi na mbili, kule juu kabisa, hatua mia mbili kutoka ukingo wa mto ule ule unaoshuka mpaka korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Wanawake waliokuja kuteka walikuwa wamejifunika magunia ya nailoni, hawaongei. Saa tano na dakika arobaini, akiwa ameshikilia fimbo ya pampu mikononi, alisikia ndege wamenyamaza. Kisha ukaja mtikisiko kupitia nyayo, kabla ya mlio wenyewe. Alipofika ukingoni aliona mto umekuja wote kwa mpigo mmoja, ukuta wa maji rangi ya kahawia, umebeba miti mizima na mizizi yake, na ng'ombe mmoja miguu juu.

Miaka kumi na tisa ilimfundisha hesabu hiyo. Kutoka hapo mpaka korongoni, maji makubwa huchukua saa nne na robo. Saa kumi kasoro, basi.

Aliwauliza wanawake wale nani ana simu. Wawili walikuwa nazo, zote zimezima, maana sola ya kuchajia ilikuwa haijaona jua tangu Jumapili. Hakufunga pampu. Aliiacha wazi, vyuma vimetandazwa juu ya turubai, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani mwake, akawasha pikipiki kwenda kwenye majabali mawili.

Alifika saa sita na dakika ishirini. Akapanda, akasimama, akabonyeza kitufe cha namba mbili. Alisikia inaita. Akasema kwa sauti, kama vile tayari amepokelewa, "Mama, wazuie watoto." Iliita mpaka ikakata yenyewe. Akabonyeza tena, nayo ikaita mpaka mwisho. Hapo ndipo alipoelewa kinachotendeka kule chumbani, karibu na mkasi, na alinieleza kwamba alikaa chini, na alipokaa mtandao ukapotea, akasimama akabonyeza tena.

Nyumbani mkewe alikuwa anampima mteja kiuno. Simu ikalia. "Mzima huyo," alimwambia mteja. Ikalia tena. "Eh, atachelewa na siku. Na mjukuu anakuja!" Alikuwa ameona kwamba milio ni mirefu, hakuficha hilo baadaye. Alidhani kidole kimekuwa kizito kwa baridi ya huko. Ikalia mara ya tatu, ndefu vile vile, kukatika kwake kukamfanya acheke: "Na washa zimemwishia. Leo kaja na mzigo wote."

Ya nne ilikuwa fupi. Ililia nusu ikazimika, kwa sababu chaji iliisha.

Mkewe aliweka futi ya kupimia shingoni akasubiri. Bipu nne haikuwa na maana yoyote. Alingoja kama robo saa, halafu akavunja utaratibu: akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akavuka barabara akaja kwetu bila hata kufunga mlango.

"Kaka, mume wangu kabipu mara nne."

"Nne?" nikauliza.

"Nne. Tatu ndefu, moja fupi."

"Tatu ni washa, shemeji. Hiyo ya nne kidole kimeteleza."

"Kidole cha nani? Cha yule? Yule mtu kidole chake hakijateleza tangu anioe."

Dereva wa lori la maji, ambaye hawezi kupitwa na neno, akadakia kutoka kwenye benchi: "Ya nne ni busu, shemeji. Uzee unakuja na mahaba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nami nilifungua daftari la stoo nikaandika: saa saba na dakika tano, Saa Sita anaomba washa, jozi sita. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini. Ukurasa huo bado upo na sijauchana.

Kuanzia hapo mke wa fundi alikuwa anampigia binti yake. Barabara yote ile haina mtandao, ila kwenye mwinuko mmoja ambao gari hupanda kabla ya kushuka korongoni. Alipiga akiwa amesimama, akiwa amekaa, akiwa ameegemea ukuta wetu. Saa tisa na nusu alikuwa amepiga mara ishirini na sita. Wingu la milimani lilikuwa bado liko pale pale, na mjini jua lilikuwa linawaka kana kwamba halihusiki.

Saa kumi kasoro dakika ishirini, simu ya binti ikaita.

Binti alimwomba mumewe asimamishe gari juu ya mwinuko ili azungumze. Mkwe, mtu asiyependa kukaa bure, akasema, "Ongea na mama, mimi nikapime mchanga," akachukua fimbo akashuka kwa miguu korongoni kutafuta mahali pagumu pa kupitisha magurudumu. Alipokuwa anashuka, pikipiki ya muuza maziwa ikampita, madumu mawili ya njano kila upande.

"Mgeni, unaogopa mchanga?" akamtania bila kusimama. "Fuata alama zangu, nakutengenezea barabara!"

Juu ya mwinuko binti alikuwa anaongea na mama yake, mtoto mgongoni.

"Mama, tumefika korongoni. Weka maji ya mtoto motoni."

"Subiri kwanza. Baba yako leo kabipu mara nne."

"Nne ni nini?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

"Zililiaje?"

"Ndefu. Ya kwanza ililia mpaka ikachoka yenyewe. Ya pili na ya tatu hivyo hivyo."

"Mama, bipu hailii mpaka ikachoka. Baba alikuwa anapiga."

"Anapiga vipi?"

"Alikuwa anapiga simu, mama! Alitaka upokee! Leo yuko kisima cha ngapi?"

"Cha kumi na mbili."

"Kiko wapi hicho?"

Mama alijua kiko wapi. Alijua kwa miaka kumi na tisa, na bado lilimtoka kama neno la kigeni: "Kule juu. Mtoni."

Alichosikia baada ya hapo kilikuwa sauti ya binti yake ikipiga kelele mbali na simu, "Toka! Toka huko!", mara nyingi, na nyuma ya sauti hiyo kitu kama lori linalomwaga kokoto, ila hizo kokoto hazikwisha. Kisha simu ikakatika. Aliitazama mkononi. Sote tuliokuwa ofisini tulimtazama yeye, na hata yule dereva wa lori alivua kofia bila kujua kwa nini.

Dakika kumi na moja zilipita. Niliziandika.

Mkwe alikuwa katikati ya korongo aliposikia mkewe. Hakuuliza. Alitupa fimbo akakimbia kurudi alikotoka, maji yakamkuta ukingoni yakamfika kiunoni, akashika mizizi akajivuta, akatoka bila viatu. Alipogeuka alimwona muuza maziwa mbele kule, karibu na ng'ambo ya pili. Gurudumu la nyuma lilikuwa limezama, ameshuka anasukuma, injini inanguruma, hasikii kitu. Mkwe alimwita kwa nguvu zote. Muuza maziwa alitazama upande wake, akainua mkono mmoja, kama mtu anayesema ngoja kidogo, nakuja.

Binti alipiga tena kutoka kwenye mwinuko. Mama alipokea kabla simu haijamaliza kutikisika. "Tuko hai," binti akasema. "Sisi watatu tuko hai." Mama alisikia hiyo "sisi" akauliza, "Kwani mlikuwa na nani?"

Fundi alifika korongoni saa kumi na mbili na nusu jioni, tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameendesha kwa saa sita bila kujua anakwenda kumkuta nani. Aliliona gari kwanza, halafu binti yake amekaa juu ya ndoo nyuma ya gari akinyonyesha. Alizima pikipiki lakini hakushuka.

"Baba," binti akasema, "ulikuwa unapiga."

"Nilikuwa napiga."

Hakumshika mtoto kwa sababu ya tope. Mkwe akamweleza habari ya muuza maziwa, na mkono ule. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye maji.

"Anaitwa nani?"

"Hatumjui."

"Ana watu? Kuna anayejua kwamba kapita hapa?"

Tarehe 15 Novemba. Kumepambazuka baridi, anga nyeupe. Maji yalikuwa yameshuka yakaacha mchanga mpya, laini, usio na alama ya mguu wala ya gurudumu. Wanaume kumi na mmoja wa vijiji vya karibu walijipanga mstari kwenye ukingo, na fundi akawa wa kumi na mbili, kamba ya kuvutia mabomba begani. Mwendo wa nusu saa kushuka alikuta dumu la njano limefukiwa hadi shingoni. Alilichimbua kwa mikono. Kifuniko kilikuwa kimekaza na maziwa yalikuwa bado yamo. Alilibeba mwenyewe mpaka barabarani, akaliweka mahali ambapo mtu yeyote atakayekuja kumtafuta mwenye dumu angeliona kwanza, akarudi kwenye mstari.