Fulana za Bonde

Wewe ungekubali kumtafsiria mtu kama huyu? Frédéric aliongoza walowezi waliowatimua wafugaji kwenye bonde lao huko Kongo, wakachoma mazizi na kujenga. Mwaka 2006 alikuja Guangzhou, China, kuagiza fulana za kampeni ya ubunge, zenye ramani ya bonde na neno “Letu”. Nami, mwanafunzi huko niliyejulikana chuoni kwa kutetea haki, nikamtafsiria kiwandani.

Jioni tulikula Dengfeng, mtaa wa Waafrika, kwenye mgahawa wa Albertine, mzaliwa wa bonde hilo aliyeuita mgahawa wake kwa jina la bonde.

“Papa Frédéric, na waliofukuzwa?” Albertine akauliza.

“Mama, wako kambini, ng'ambo ya mpaka. Hawapigi kura. Wewe tupikie tu!”

Wafanyabiashara wote mezani, wateja wa Albertine wa kila siku, wakacheka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Albertine akikwangua jina la bonde kwenye kibao cha mgahawa wake.