Nyoka Mwenye Macho ya Vifungo

Umande haujakauka, na mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani anabisha hodi kwenye ua wa michongoma. Anagonga matawi kwa mpini wa reki, anarudi nyuma kidogo, anatega sikio.

"Hodi humu ndani! Mwenye watoto atoe watoto, mwenye mkia akunje mkia. Mkasi unakuja!"

Majani yanatikisika. Kinyonga anatoka kwa mwendo wake ule wa kutohimizwa na mtu. Chura anarukia ndoo ya maji. Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, anachomoza pua, ananusa, kisha anarudi ndani kama mpangaji aliyesikia sauti ya mwenye nyumba.

"Huyo muacheni, amezaa," anasema mwanamke. "Kwake nitapita wiki ijayo."

Ndiyo maana wanamwita Mama Hodi. Ni mtunza bustani wa jengo la ofisi lenye ngazi za vigae vinavyong'aa. Mameneja wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Hakati ua bila kubisha tangu siku mkasi wake ulipopita kwenye kiota chenye makinda. "Siku ile chakula kilinikataa," anasema.

Hata hivyo, mwezi uliopita nusura ua wote ung'olewe, na chanzo ni yeye mwenyewe.

Mambo yalianza kwa tumbili. Kila asubuhi walishuka kutoka paani wakang'oa miche ya maua. Hawakuila. Waliing'oa, wakaitazama, wakaitupa.

"Walikuwa wanakagua," anasema Mama Hodi. "Kama wale mabwana wa makao makuu."

Akachukua mpira wa kumwagilia uliokwisha kupasukapasuka, akaupaka rangi nyeusi na njano iliyobaki kwenye makopo ya mafundi. Jioni akampelekea wifi yake, fundi cherehani anayeishi chumba cha pili katika nyumba yao. Wifi akaushonea kichwa cha kitambaa na macho mawili ya vifungo vyekundu vya koti.

"Haya wifi, leo nimemshonea nyoka kichwa," alisema wifi huku akikata uzi kwa meno. "Kesho utaniletea chatu nimpime kiuno."

Ikumbukwe kwamba mpira ule haukupasuka jana wala juzi. Siku ya kuzindua vigae vya ngazi, meneja wa zamani alisimama mbele ya wafanyakazi wote akaahidi mpira mpya, glavu na buti kwa mtunza bustani. Watu wakapiga makofi, soda zikanywewa. Vigae vipo. Viti vya ndani vimebadilishwa, vikabadilishwa tena. Vidole vya Mama Hodi vimejaa makovu ya miba, na mshahara wake umesimama palepale kama nguzo ya umeme. Wenye kusahau wasahau, ila miba haisahau kuchoma.

Tumbili walimwogopa nyoka siku mbili tatu, kisha mmoja mzee akamkalia mgongoni na kuanza kujikuna. Aliyemwogopa kikweli ni meneja mpya. Alitoka kuongea na simu bustanini. Simu ikaenda huku, kiatu kule.

"Bosi alipanda zile ngazi bila kuzikanyaga," anasimulia mlinzi wa geti.

Kufika mchana amri ikatoka: kesho michongoma yote ing'olewe, sumu imwagwe, na bustani itandikwe zulia la nyasi za plastiki. Nyasi za plastiki hazihitaji mtunza bustani. Mama Hodi hakungoja kutafsiriwa hilo.

Mlinzi, aliyejua siri ya nyoka, akamnong'oneza: "Dada yangu, ukisema ni wewe, unafukuzwa leo. Ukinyamaza, unafukuzwa kesho. Chagua tarehe."

"Na kalunguyeye na wanawe?"

"Hao hawamo kwenye mkataba."

"Kwani mimi nimo?"

Asubuhi, vibarua wakishusha majembe kwenye gari, Mama Hodi alimvaa nyoka shingoni kama skafu. Akapanda ngazi za vigae na kuingia kwa mlango wa mbele, ambao watunza bustani hawapiti. Kikao kilikuwa kimepamba moto. Karani alipanda juu ya meza. Mhasibu nusura ampande karani. Meneja akakumbatia pazia.

"Hodi," alisema Mama Hodi. "Nyoka wenu huyu hapa. Nimemtengeneza mimi, nifukuze tumbili. Michongoma haina kosa, tena mna mzazi mle ndani."

Akaushika mkia, akapuliza. Upepo ukatoka kwa miluzi kila penye tundu. Karani akaangua kicheko kule juu mezani, na chumba kizima kikamfuata.

Meneja hakucheka. Aliupokea mpira, akaugeuzageuza. "Mbona umeoza hivi?"

"Ungekuwa mzima, bosi, ungekuwa unamwagilia. Usingekuwa nyoka."

Kisha karani, bado mezani, akasema: "Na aliahidiwa mpya. Nilikuwepo. Makofi nilipiga mimi."

"Hata mimi," akadakia mhasibu.

Majembe yalirudishwa garini. Mpira mpya ulifika kabla ya wiki kwisha, na glavu pia. Buti zingali njiani. Sijui njia hiyo inazunguka wapi.

Siku hizi, wakati wa mapumziko ya mchana, watunza bustani wa majengo jirani hukutana kando ya ua wa Mama Hodi, wote wamevaa ndala. Wamepanga mwisho wa mwezi wapande pamoja kila ngazi ya mtaa ule, kwa mlango wa mbele, wakadai buti.

Anapoulizwa kama safari hii atamvaa tena nyoka, Mama Hodi anacheka hadi kitambaa kinamdondoka.

"Nyoka ni wa kwendea peke yako," anasema, akiinua reki kugonga upande wa pili wa ua. "Tukiwa wengi, hodi inatosha."