Spika Zilizomnyamazisha Mke Wangu

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Njoro, na kichwa changu ni kigumu, hata mke wangu atakwambia. Kila Jumapili nilikuwa narekodi kwaya kwa simu, halafu nyumbani naskiza kwa zile spika kubwa za mbao ambazo baba alinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama shamba. Kanisani mabati yanavuruga sauti. Spika zangu, nilikuwa najiambia, hazidanganyi.

Basi mwaka jana spika zikaniambia sauti ya kwanza imekufa. Besi ilikuwa inanguruma vizuri, lakini akina mama wa juu walisikika kama wamefunikwa blanketi. Nikawagombeza. Kiongozi wao ni mke wangu, na siku moja, mbele ya kwaya nzima, nikamwambia, "Mama watoto, sauti yako imeisha. Waachie wasichana."

Akahamia benchi la nyuma, na kuanzia siku hiyo hakuimba tena, hata jikoni. Miaka yote ya ndoa nimeamshwa na nyimbo zake akiwasha jiko, sasa nyumba ikawa kimya na ikaniuma sana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na bado nilishikilia kwamba nilichosema ni kweli.

Kilichoniumbua ni kayamba. Jumapili moja mpigaji alikosekana, nikaipiga mimi mwenyewe, kwa nguvu zote. Nyumbani naskiza: hakuna kayamba. Nikarudisha mwanzo. Hakuna! Ai, kwani na mikono yangu pia imeisha?

Nikaweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba. Kimya, kwa zote mbili. Nikazitoa, nikazigusisha nyaya na betri ya tochi, zikakwaruza. Kumbe ziko hai! Basi shida ilikuwa kabla ya twita, kwa krosova, kile kibao cha ndani kinachogawa sauti: nzito ziende spika kubwa, nyembamba ziende twita. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyopitisha sauti nyembamba, zilikuwa zimevimba, moja imetoa uchafu wa kahawia. Zilikuwa zimekufa polepole, na masikio yangu yakazoea.

Nikashuka Nakuru mjini, nikapata kapasita mpya za kipimo kilekile, nikazilehemu hapo sebuleni huku mke wangu akikata sukuma wiki jikoni bila kuniangalia. Kisha nikaweka rekodi ya mwisho aliyoimba yeye.

Wueh! Sauti ilitoka safi, juu ya wote, haina hata mkwaruzo. Niliona aibu, nikakaa chini. Yeye akatokea mlangoni, kisu mkononi.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe. Spika ndizo zilikuwa mbovu. Nisamehe."

Akaskiza mpaka wimbo ukaisha. "Ulinisema mbele ya watu, Mwalimu. Hiyo samahani usiniletee huku jikoni."

Jumamosi mazoezini nikasimama mbele, nikaeleza yote, kapasita pamoja na kiburi changu. Wasichana walicheka mpaka wakashikana. Halafu nikasikia kutoka benchi la nyuma, "Rudia, Mwalimu. Sisi wa huku hatujasikia."

Nikarudia, kwa sauti kubwa. Ndipo akaja mbele, akasimama mahali pake, na akaanza kuimba kabla sijainua mkono.