Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Saa mbili asubuhi, katika kibanda chake cha ushonaji kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Marguerite anasimama mbele ya kioo pamoja na mteja. Wanawake wawili wanamtazama. Anagusa utepe wa kupimia ulio shingoni mwake. Kiooni, mmoja wao naye anagusa. Basi huyo ndiye yeye.

“Njo vile ninajijua,” anasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

“Mama Raïssa, kesho utanisalimia ao utanipita tena?” mteja wake, Douce, anamtania.

“Uongee kwanza. Nikisikia iyo kelele yako, nitakujua.”

Fundi huyu kutoka Bukavu ana macho mazima. Tundu la sindano halimsumbui. Ila sura za watu hazikai kichwani mwake. Akigeuka tu, zimefutika. Jirani yake Véronique ni kinyume kabisa: sokoni Mchesi, jijini Lilongwe, alimtambua muuza nyanya aliyemwona mara moja tu Bukavu, wakati Véronique mwenyewe akiwa bado mtoto.

“Nilizania anadanganya,” anasema Marguerite. “Nilizania bantu bote iko kama mi.”

Nesi mmoja wa Lilongwe ndiye aliyemweleza kwamba wengine huzaliwa hivyo, na kwamba hakuna dawa.

Mwaka jana alishonea kwaya ya watoto magauni ya kijani, yote sawa. Ndani ya kola ya binti yake, Raïssa, alipitisha uzi mwekundu.

Jumapili, ibada ilipokwisha, magauni yakamiminika mlangoni. Akapekua kola, akaona uzi, akashika mkono. Njiani alizungumza peke yake. Mtoto hakujibu hata neno. Walipokaribia kisima, vidole alivyovishika vikaanza kumwia vigeni. Vilikuwa vifupi mno.

“Raïssa?”

Mtoto akainua uso. Ulikuwa uso tu, kama nyuso zote.

“Mi si Raïssa,” ikajibu sauti asiyoijua. “Alisema ninyamaze.”

Walikuwa wamebadilishana magauni. Hatua chache nyuma, Raïssa mwenyewe alikuwa akiwafuata kimyakimya tangu kanisani.

“Ulinipita karibu, mama,” alisema. “Nilitaka kuona kama utanijua.”

Sasa Marguerite anashona magauni mapya ya Pasaka. Raïssa, aliyetimiza miaka kumi na mmoja, amekataa uzi. Mama yake amekubali: atasimama mlangoni, hatapekua kola ya mtu, atangoja aitwe.

“Na kama nitanyamaza?” binti alimuuliza.

Marguerite anakata uzi kwa meno.

“Nilimwambia nitangoja tu. Bote bakishaenda kwabo, ule atabakia njo wangu.”